Chupa ya Mofini Ikivuka Mto Pangani

Kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga mjini, hadi kijiji cha Mkwaja ni takriban kilomita mia moja. Kwanza unashuka Pangani, unavuka mto kwenda Bweni, kisha unaifuata pwani kuelekea kusini kupitia Mwera, katikati ya minazi na mkonge, mpaka unakaribia mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Masika yakishika, hakuna anayeweza kukuahidi utafika saa ngapi. Kwa hiyo chupa ndogo ya mofini, dawa ya maumivu makali, inayoingia katika nyumba ya Mkwaja imekwishapita mitihani mingi. Daktari amekubali kuiandika, mfamasia ameiingiza kitabuni, na ndugu mmoja ametoa nauli na siku yake nzima kuifuata. Mtihani wa mwisho unaanzia mlangoni. Hapo hakuna daktari wala mfamasia. Yuko binti wa mgonjwa, au mkwe, au shangazi aliyekuja kuuguza, na yeye ndiye atakayeshika kipimo.

Huyo ndiye ninayemwandikia. Maelezo ya dirishani hospitalini ni ya dakika chache, na mara nyingi aliyeyasikia ni kijana aliyetumwa kuchukua dawa, siyo anayekesha na mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe aghalabu ni mama. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa yanahesabu wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kila mwaka, na wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Mionzi inaweza kupunguza uvimbe na kukausha damu, lakini kiuno, mgongo na mapaja huuma usiku na mchana kwa namna ambayo panadol na diklofenaki haziigusi. Wapo pia wazee ambao saratani ya tezi dume imewaingia mifupani. Vijana wenye siko seli wanapobanwa, na majeruhi wa bodaboda waliovunjika paja, nao huihitaji mofini, ila kwao ni siku chache tu na mara nyingi wakiwa wodini.

Mkoa wa Tanga haukuanza jana na dawa hii. Hospitali Teule ya Muheza, iliyotokana na kazi ya wamisionari wa Kianglikana, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nchini kuwa na kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watumishi wake walikuwa wakiwafuata wagonjwa wa saratani na wa UKIMWI majumbani, mofini ikiwa mkobani. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyomo katika majengo yaliyoachwa na Wajerumani, kwa miaka mingi imekuwa ikiuchanganya unga wa mofini na kuugeuza dawa ya maji. Maji yana faida zake: gharama ni ndogo, sindano haihitajiki, na mtu asiyeweza tena kumeza kidonge bado anaweza kunywa.

Waganda walitutangulia katika jambo moja ambalo kijiji kilicho mbali na daktari kingelitamani. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mwaka 2004 Uganda ikarekebisha sheria ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waweze kuandika mofini wenyewe.

Sasa tuiseme hofu, maana ndiyo inayoifikia nyumba kabla ya chupa. Pwani yetu, tangu Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, imewaona vijana wakiangamia kwa unga, na heroini hutengenezwa kutokana na mofini. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwatibu mateja kwa methadoni mwaka 2011, na mpaka leo kuna familia zinazopanga foleni za asubuhi za dawa hiyo na watoto wao. Mtu aliyeshuhudia hayo akiambiwa kwamba mama yake anaandikiwa dawa ya jamii hiyohiyo, ana haki ya kushtuka. Hofu yake haikuokotwa barabarani.

Lakini hofu hiyo humwadhibu asiyehusika. Mwaka 2017 kamisheni iliyoundwa na jarida la Lancet ilihesabu tani 298.5 za dawa za namna hii, zikipimwa kwa uzito wa mofini, zinazogawiwa duniani kwa mwaka. Nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Marekani, ambako kampuni ya Purdue ilianza kuuza OxyContin mwaka 1996 na mwaka 2007 ikakiri mahakamani kuwa iliwapotosha watu kuhusu hatari ya uraibu, mwaka 2021 peke yake ilizika watu zaidi ya 80,000 waliouawa na dawa za jamii ya afyuni, wengi wao kwa fentanili ya magendo. Huko zilimwagika, huku zimekauka. Mama wa Mkwaja anayelia usiku halipi deni la Marekani, na ninaona ni dhuluma kumnyima dawa kwa sababu ya maovu yaliyotendwa na wafanyabiashara wa mbali.

Haya, chupa imefika.

Jambo la kwanza ni saa. Mofini ya maji ya kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo huandikwa kila baada ya saa nne, na kwa saa zetu ratiba ni rahisi kukariri: 12 asubuhi, 4, 8 mchana, 12 jioni, kisha 4 usiku. Kipimo cha saa 4 usiku mara nyingi daktari hukiandika maradufu ili mgonjwa asiamshwe saa 8 za usiku. Kama hakukiandika hivyo, usikiongeze kwa hiari yako. Kosa ninalolisikia kila mara ni la kumwekea mgonjwa dawa mpaka alie. “Ametulia, tusimsumbue,” wanasema watu kwa huruma. Maumivu ya saratani ni kama bamvua: ukingoja maji yafike magotini ndipo uanze kuvuta mtumbwi, umeshachelewa. Yakishapanda, kipimo kilekile ambacho kingeyazuia hakitoshi tena kuyashusha, na hapo ndipo anayeuguza hushawishika kumimina zaidi. Anayepewa kwa saa, hata kama ametulia, huishia kutumia dawa kwa utaratibu na usalama mkubwa kuliko anayepewa kwa kilio.

Akiumwa katikati, kabla saa haijafika? Daktari mzuri ataandika kipimo cha ziada kwa ajili hiyo. Mpe, andika kwenye daftari, kisha ngoja. Dawa inayonywewa huhitaji nusu saa hadi saa nzima ionyeshe nguvu zake. Yule mfamasia wa Kijerumani aliyeitenga mofini kutoka afyuni, Friedrich Sertürner, aliliona hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1817 alieleza jinsi yeye na vijana watatu walivyoijaribu: walikunywa kipimo, baada ya nusu saa wakakirudia, na robo saa baadaye wakakirudia tena. Wakalewa mpaka karibu wazimie, ikabidi wanywe siki kali watapike. Kipimo cha kwanza hakikuwa kimemaliza kazi walipoongeza cha pili. Miaka 200 imepita na kosa hilo bado linafanyika vitandani. Mgonjwa akihitaji ziada mara tatu au nne kwa siku, maana yake kipimo cha msingi ni kidogo. Piga simu hospitali wakupangie upya. Na ikiwa saa imepita kwa sababu nyote mlilala, mpe kipimo kimoja na mwendelee. Kilichopotea hakilipwi kwa kuunganisha viwili.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa nakuwa mkali. Kijiko cha chai cha nyumba moja si kijiko cha nyumba nyingine. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mistari ya mililita, na umwombe mfamasia aweke alama ya kalamu pale dawa inapotakiwa kufika. Muhimu zaidi, uliza nguvu ya dawa iliyomo, kwa sababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti. Uganda walilitatua hili kwa rangi: ya kijani ina miligramu 5 katika mililita 5, na ya waridi ina miligramu 50 katika mililita zilezile 5, yaani mara kumi. Fikiria aliyezoea ile dhaifu, siku moja anapewa ile kali, na nyumbani wanaendelea na mstari uleule wa bomba. Kwa hiyo kila chupa mpya, hata kama inafanana na ya zamani, soma kibandiko kabla ya kuifungua, na kama kusoma ni taabu, mwite mwanafunzi akusomee. Kama kibandiko kimefutika kwa jasho la safari, usikisie.

Siku za mwanzo zina vituko vyake. Kichefuchefu huja, kikakaa siku chache, kikaondoka. Usingizi pia huja, na si wote ni wa dawa: mtu ambaye hakulala wiki tatu kwa maumivu ana deni la usingizi, naye atalilipa. Mgonjwa anayelala lakini ukimwita “Bibi, uji tayari” anafumbua macho na kukujibu, mwache apumzike.

Choo ndicho kisichozoea. Mofini hulegeza mwendo wa utumbo na haiachi kufanya hivyo hata baada ya miezi, ndiyo maana anayeanza mofini anatakiwa aanze na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, bila kusubiri afunge. Bisakodili na sena ndizo zinazotumika zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mafunzo ya tiba shufaa, liliwahi hata kutaja mbegu za papai zilizokaushwa, mgonjwa akatafuna kati ya 5 na 30 usiku. Papai Mkwaja hazina shida. Lakini mwambie mhudumu kama mgonjwa hajapata choo kwa siku tatu, maana kuna saratani za tumboni ambazo huziba utumbo wenyewe, na hapo kulazimisha ni hatari. Nimeona watu wakiiacha mofini wakisema “inamtesa tumbo,” wakarudi kwenye maumivu, na dawa ya choo haijawahi kujaribiwa.

Hatari yenyewe ni pumzi. Mofini ikizidi hupunguza upumuaji, taratibu, bila kelele, na mtu anaweza kufa akidhaniwa amelala. Dalili zake si za kubahatisha: ukimwita na kumtikisa haamki, au anaamka nusu na kuzama tena, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo inabadilika rangi, anakoroma kwa namna ngeni, na ukimhesabia kwa dakika nzima anavuta pumzi chini ya mara 8. Hapo usimpe kipimo kinachofuata. Mlaze ubavu, mkumbushe kupumua kwa kumwita jina, tafuta usafiri na upige simu zahanati. Ipo dawa ya kumzindua, naloksoni, lakini hiyo hutolewa hospitalini. Na tafadhali, usimnyweshe maziwa. Desturi ya kumpa maziwa kila anayedhaniwa amekunywa sumu imeenea sana kwetu, lakini mtu asiye na fahamu huyavuta mapafuni na kufa kwa maziwa hayo.

Yapo mambo yanayoisaidia mofini kuua: tembo la mnazi na gongo, vidonge vya usingizi kama diazepamu, hata piritoni za mafua. Dawa za miti shamba nazo ziwekwe wazi mbele ya daktari, bila aibu na bila kugombezana. Figo zikidhoofika, mofini na mabaki yake hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Saratani ya shingo ya kizazi hupenda kubana mirija ya mkojo, basi mama anayekojoa kidogo kuliko kawaida huku akizidi kusinzia anahitaji kipimo kipunguzwe au kitenganishwe kwa saa nyingi zaidi. Mtambuzi wa kwanza wa hilo ni anayemwaga beseni la mkojo kila asubuhi, naye mara chache huulizwa.

Ramadhani huleta swali lake, na Mkwaja ni kijiji cha pwani, hatuwezi kulikwepa. Ratiba ya saa nne haiendi na saumu. Mgonjwa ameruhusiwa na dini kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini. Shehe wa msikitini ataieleza familia vizuri kuliko mimi. Shida ni kwamba wagonjwa wengine hawasemi. Hufunga kimya kimya, wakakaa mchana kutwa bila dawa, kisha futari ikawa na vipimo viwili vitatu kwa pamoja. Hilo ndilo la kuogopa. Ipo mofini ya vidonge inayoachia dawa polepole na kumezwa kila baada ya saa 12, ambayo inaweza kuangukia daku na futari. Ikipatikana, daktari anaweza kumbadilishia mgonjwa. Vidonge hivyo havivunjwi wala havitafunwi, maana kuvivunja ni kumpa mtu dawa ya saa 12 kwa mkupuo mmoja. Na kwa wanaouliza kama ni halali kutumia kinacholevya, wanazuoni wengi wanaitazama kama dawa iliyoandikwa na tabibu kwa dharura, si kileo.

Atakuwa teja? Mwili wa anayetumia mofini kwa majuma kadhaa huizoea, na ikikatwa ghafla atatetemeka, atatoka jasho, ataharisha. Uteja ni kitu kingine: ni kuitafuta dawa kwa ajili ya ulevi, kwa hila na kwa madhara, hata maumivu yakiwa hayapo. Mgonjwa wa saratani anayepewa kwa saa na kipimo mara chache huishia huko. Kama mionzi imefanya kazi na maumivu yamepungua, daktari huishusha dawa kidogo kidogo kwa siku na majuma mpaka iachwe. Kuiacha ghafla kwa sababu chupa imeisha na mto umefurika ndilo jambo la kupanga mapema: chupa ikibaki na dawa ya wiki moja, nauli iwe imekwishatafutwa.

Hapa kuna kichekesho kichungu. Mofini, yenye vitabu, saini na makufuli, ni taabu kuipata, huku tramado, ndugu yake mdogo, ikizunguka mikononi mwa vijana wa miji mingi ya Afrika kwa jina la kupunguza uchovu. Mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya haijaiweka tramado kwenye orodha zake, lakini hiyo haimaanishi ni panadol. Ni dawa ya cheti. Ikipita miligramu 400 kwa siku, huongeza uwezekano wa degedege kwa mtu mzima, na ikichanganywa na baadhi ya dawa za sonona huleta sumu ya aina yake. Mvuvi mwenye mgongo unaouma anayemeza tramado kila anapoingia baharini, kwa ushauri wa mwenzake tu, yuko hatarini kuliko yule bibi wa saratani ambaye majirani wanamnong’ona.

Na majirani watakuja. Jino limemshika mmoja, mwingine ana tumbo la hedhi, na wanajua ndani ya nyumba ile kuna dawa kiboko. “Mwanangu, nionjeshe kidogo tu.” Kwa adabu zetu kumnyima mtu mzima ni vigumu, kwa hiyo mkabidhi lawama daktari: sema imepimwa kwa mililita na utaulizwa. Kipimo cha mtu aliyezoea kwa miezi kinaweza kuzima pumzi ya asiyeizoea, na cha mtoto hakisemeki. Chupa ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jua, mbali na chupa za soda na za maji ambazo watoto wamezoea kuzinyakua, na ufunguo ashike mtu mmoja. Isihamishiwe kamwe kwenye chupa nyingine isiyo na kibandiko. Kama nyumbani kuna kijana mwenye shida ya unga, lisifichwe jambo hilo kwa daktari. Anaweza kupunguza kiasi kinachotolewa kwa safari moja, au dawa ikawekwa kwa mjumbe wa familia anayeishi jirani.

Mgonjwa akishafariki, chupa husahaulika. Nyumba imejaa wageni wa matanga, mjane ameingia eda hatoki, vitu vya marehemu vinagawiwa, na mofini inayobaki huchukuliwa na wa kwanza aliyeiona, au huwekwa darini “isije ikahitajika.” Basi kabla ya msiba kutanda, ateuliwe mmoja wa kuishughulikia, siyo mjane. Kwa kawaida chupa huambatana na anayekwenda Pangani au Tanga, ikarudishwa ilikotoka. Kama safari haiwezekani, uliza kwa simu, na hospitali ikiridhia, imwagwe kwenye choo cha shimo mbele ya shahidi, kibandiko kikachanwa. Atakayeirudisha achukue na lile daftari la saa. Mfamasia atapima kilichobaki, atakilinganisha na kilichoandikwa, na kukiingiza kitabuni kabla hajamhudumia anayefuata.